Mashua Iliyokataa Kuzama

1 Machi

Uvuvi umefungwa leo hadi mwisho wa Mei, ili samaki wazae kwa raha zao. Mashua zote zimevutwa juu ya mchanga na kulazwa ubavu, na wenyewe wamekaa kwenye kivuli chake wanapiga soga. Wao wanapumzika, mimi ndiyo kwanza naanza. Kazi yangu ni kalafati: kushindilia pamba kwenye mishono ya mbao na kuifunika kwa lami, maji yasipate pa kuingilia. Nilifundishwa na baba, na tangu macho yake yaharibike hakuna mwingine kisiwani anayeifanya. Kwa hiyo kuanzia leo kila mtu ananiita dada, hata wale ambao mwaka mzima wakiniona hugeuza shingo.

Fundi ameshatangulia. Yeye hung'oa ubao uliooza na kutia mpya, mimi namfuata naziba. Miaka kumi na mmoja tunafanya hivyo, yeye kwa ndani, mimi kwa nje, ubao katikati. Leo aligonga ubao akasema, "Huu umeoza." Nikasema, "Nimeuona." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

2 Machi

Jua. Mashua moja imekwisha.

4 Machi

Jua. Lami imeniunguza kidole.

7 Machi

Boti ya mizigo, ambayo huja mara moja kwa wiki kutuletea unga, sukari na habari zilizochacha, leo imeshusha watu. Wengi, na masanduku ya chuma, na taa ndefu kuliko nyumba zetu, na mwanamke mmoja aliyejifunika mwavuli wa rangi ya chungwa kana kwamba jua la hapa linamwinda yeye peke yake. Kabla kamba haijafungwa gatini, Redio alikuwa ameshapita nyumba zote. Redio ni mama yake Fundi. Jina hilo alipewa kabla sijazaliwa na hajawahi kulikana.

Wamekuja kutengeneza filamu ya mapenzi. Watakaa msimu wote.

"Ya mapenzi, hapa?" baba akauliza. "Hapa watu wanaoana kwa sababu nyumba zimekaribiana."

Redio alikaa kwenye kiti chetu kibovu akatusimulia kisa chote, kama aliyekiandika yeye. Kuna binti wa wavuvi anampenda mvuvi mmoja. Hamwambii. Siku ya dhoruba mvuvi anaingia majini, mashua inazama, binti anabaki juu ya mwamba anatazama. Mwisho.

"Kwa nini hamwambii?" nikauliza.

"Ndiyo filamu yenyewe, mwanangu."

"Mdomo anao?"

"Anao, na mzuri. Ni yule wa mwavuli."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi niliona ni upuuzi. Mtu mzima, anampenda mtu, anamwona kila siku, na anakaa kimya mpaka jamaa anazama. Mtu kama huyo asitafute wa kumlilia.

11 Machi

Mwongozaji wa filamu ameshapata jina. Ni mfupi, ana kofia, na kila wanapomaliza kupiga picha anapaza sauti, "Tena!" Leo walimpiga picha Bibi Mwavuli akiteremka ngazi za gatini na ndoo. Alishuka ngazi hizo asubuhi nzima. Watoto wote sasa wanamwita yule bwana Bwana Tena, na yeye anadhani wanamsalimia.

15 Machi

Leo Bwana Tena alikuja uwanjani kwetu, pale tunapofanyia kazi, akamwambia Fundi anataka ajengewe mashua.

"Ya wangapi?" Fundi akauliza.

"Ya mtu mmoja. Lakini izame."

Fundi aliweka randa chini taratibu. "Izame?"

"Izame. Polepole, kama dakika chache hivi, ili tupige picha vizuri. Maji pale ni ya kifuani tu, na kutakuwa na wazamiaji pembeni. Mwigizaji hatapata hata mafua."

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama pamba. Mtu huyu amejenga nusu ya mashua za kisiwa hiki, na baba yake alijenga nusu nyingine, na katika ukoo wao wote hajatokea mtu wa kuagizwa kitu kama hicho. Aliiokota randa akaipangusa mpaka Bwana Tena akaanza kukohoa kwa aibu.

Mwishoni wakakubaliana hivi. Chini, upande wa kushoto, kutakuwa na mshono mmoja usiotiwa pamba. Mimi nitaujaza sabuni. Mashua ikiingia majini sabuni itayeyuka, maji yataingia, picha itapigwa. Wazo la sabuni lilikuwa langu, na nililitoa kwa majivuno kabisa.

16 Machi

Upepo. Fundi ameanza mkuku wa mashua ya filamu, ule uti wa mgongo wake. Anaupiga randa kama wa mashua itakayorithiwa na wajukuu.

21 Machi

Nitaandika hili ingawa halina maana kubwa.

Bwana Tena alikuja kutazama kazi, akapitisha mkono kwenye mbao, akasimama katikati ya wavuvi wote waliokuwa pale akasema, "Fundi, siku mashua hii ikizama tu, sisi tunafunga mizigo. Twende wote. Kule tuna karakana kubwa, tunahitaji mtu wa kujenga kila kitu: nyumba, mashua, hata meli. Kazi ya mwaka mzima, siyo ya msimu. Unasemaje?"

Fundi akasema, "Tutaona."

Hapa kila mtu anajua maana ya tutaona. Ni hapana iliyovaa nguo safi. Mtu akikualika karamu usiyoitaka unasema tutaona, na hata mwenye karamu anaelewa asikupikie. Lakini Bwana Tena ni mgeni. Alimshika mkono kwa furaha akaanza kumtafutia pa kulala huko mjini. Na Redio, ambaye si mgeni na alipaswa kuelewa, alikuwa amesimama nyuma yao. Kabla jua halijatua kisiwa kizima kilijua mwanawe ameukubali mji. Jioni nilimwona ameanika sanduku kubwa la nguo juu ya ua, litoke harufu.

Nilimngoja Fundi aseme kitu. Hakusema. Labda safari hii tutaona ilikuwa tutaona kweli.

Sikula. Baba ameuliza kama naumwa. Nimesema ni lami.

22 Machi

Upepo.

23 Machi

Upepo. Fundi amesema, "Huu mwembamba kidogo." Nikasema, "Unatosha."

27 Machi

Bibi Mwavuli amekuja uwanjani bila mwavuli. Eti Bwana Tena ameniona nikifanya kazi na amependa, kwa hiyo sasa binti wa kwenye filamu naye atakuwa mkalafati, na mimi nimfundishe kushika patasi na nyundo ya mbao. Nilikubali shingo upande. Nilitegemea atachoka kabla ya chai.

Alijigonga kidole gumba, akakinyonya, akaendelea. Akajigonga tena palepale. Hakulia wala hakumwita mtu amletee dawa. Hadi mchana alikuwa ameingiza pamba urefu wa mkono mmoja, vibaya, nami nikaitoa yote, na yeye akaniuliza kwa nini, nikamwonyesha, akaianza upya. Nimekuwa nikimsema vibaya mtu ambaye simjui.

2 Aprili

Bibi Mwavuli huja kila siku sasa. Leo tulikuwa tumekaa chini ya ubavu wa mashua ya filamu, Fundi yuko ndani anagonga. Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dada, kuna kitu nataka kukuuliza, usinune."

"Uliza."

"Huyo fundi ana habari?"

"Habari ya nini?"

Akaelekeza kidole kwenye ubao, kule nyundo ya Fundi ilikogonga. Nikamwambia kazi ni nyingi na asubuhi haina urefu. Akapiga nyundo yake mara mbili, halafu akasema:

"Mimi ninalipwa kukaa kimya filamu nzima. Wewe nani anakulipa?"

Nilisimama nikaenda kukoroga lami ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Basi na niandike, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nampenda Fundi. Sijui ni tangu lini. Niliolewa mara moja nikiwa binti, na mfanyabiashara wa ng'ambo, nikakaa huko miaka miwili nikarudi kwa baba na sanduku langu. Nilidhani mambo hayo nimemalizana nayo. Kisha nikaanza kazi na mtu asiyesema, na nikajua kila namna anavyogonga: anavyogonga akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa amelala vibaya. Nikisikia nyundo yake imesita najua ubao una kifundo. Mtu huyu akiondoka mimi nitakuwa naziba mashua kimya, na kimya hicho kitakuwa cha namna nyingine.

Kumwambia siwezi. Nimejaribu leo jioni. Nilisema, "Fundi." Akasema, "Naam." Nikasema, "Kesho kutanyesha." Akatazama juu akasema, "Huenda."

3 Aprili

Haikunyesha.

6 Aprili

Mashua ya filamu imekwisha. Fundi alibaki uwanjani jana jioni peke yake kupigilia mbao za sakafu, zile za kukanyagia. Leo zamu yangu ya sabuni.

Nilikuwa peke yangu. Nililala chali chini ya mashua na kipande cha sabuni kilicholainishwa kwa maji ya moto, na mshono ukiwa wazi mbele ya macho yangu. Na pembeni yangu kapu la pamba.

Siku mashua hii ikizama tu, tunafunga mizigo. Ndivyo alivyosema.

Nilitia pamba. Niliishindilia kwa patasi tabaka mbili, kama ya mashua ya baba. Juu yake nikapaka sabuni nyembamba, nikailainisha kwa kidole, ikapendeza kama kitu cha haki. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimemweleza baba, kwa kuwa nisingemweleza mtu ningepasuka. Alifikiri kidogo akasema, "Umeziba vizuri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi haitazama," akasema, akaendelea kupanga kete zake za dama.

10 Aprili

Mawingu waliyokuwa wakiyasubiri yamekuja, wakaita watu wote. Sisi wa kisiwa tulipangwa ufukweni kama watu wa kijijini, jambo ambalo lilitupa taabu kidogo kwa kuwa tulikuwa tumevaa nguo za sherehe na wakatuambia tukavue. Bibi Mwavuli alipanda mwambani. Mwigizaji wa kiume, kijana mpole anayeogopa maji, aliketi kwenye mashua na kuanza kupiga kasia.

Sabuni ikayeyuka. Tuliona povu jeupe ubavuni. Halafu hakuna kilichotokea. Yule kijana alikaa anangoja kuzama. Akatazama miguuni. Akatazama ufukweni. Mashua ikaelea vizuri, imenyooka, haikuinamia upande wowote. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa kujisahau, "Mashallah, kazi hiyo."

Bwana Tena akasema, "Tena!" Wakaivuta, nikapaka sabuni, wakairudisha. Ikaelea tena.

11 Aprili

Fundi ameamriwa aikague mashua. Niliketi karibu nikijifanya nachambua pamba.

Alilala chali pale pale nilipolala. Akakwangua mshono kwa ncha ya kisu. Niliona pamba yangu imetokeza, nyeupe. Aliishika kati ya vidole viwili, akaitazama kwa muda. Kila mtu ana mkono wake, na wangu anaujua kuliko anavyoujua wa mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akairudisha ndani kwa ncha ya kisu, taratibu, akapaka sabuni juu yake, akatoka, akajipangusa mchanga.

"Mbao zimevimba," akamwambia Bwana Tena. "Mbao mpya zikilowa huvimba. Ziacheni zikauke."

Akapita mbele yangu. Hakunitazama. Tangu hapo najiuliza ananisitiri au ananionea aibu.

12 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Mvua.

14 Aprili

Mvua. Fundi amesema, "Funika pamba." Nimeifunika.

18 Aprili

Leo wamejaribu upya, na kijana akapewa mawe mawili makubwa ya kukaa nayo. Mashua ilishuka kidogo ikatulia, ikaelea na mawe yake.

Safari hii watu walicheka. Kicheko kilianzia kwa watu wa filamu kikahamia kwetu. "Fundi, mashua za watu unaziweza, yako mwenyewe inakushinda kuizamisha!" "Bwana Tena, mpeleke hivyo hivyo mjini, akajenge daraja!" Mmoja wa wasaidizi wa Bwana Tena alisema, bila kushusha sauti, kwamba labda huyu si fundi waliyemdhania. Bwana Tena mwenyewe alivua kofia akaikung'uta.

Fundi alisimama kwenye maji ya magotini, mikono mfukoni, akameza yote. Redio alikuwa ufukweni amevaa gauni lake la kuagia, kwa kuwa alidhani leo ndiyo leo. Alijifunika uso kwa mtandio akaenda zake nyumbani bila kumwambia mtu habari yoyote. Redio, bila habari.

Hilo liliniuma kuliko kile kicheko. Nimekuwa nikimwona Redio kama kero ya kisiwa. Leo nimeona ni mama anayetaka mwanawe apate, ila mdomo umemzidi nguvu. Na anayechekwa amechekwa kwa ajili yangu, na ananijua, na amekaa kimya. Mimi si mtu mwema. Nilitaka kumweka mtu hapa kama mashua, kwa kumziba.

20 Aprili

Alfajiri, kabla ya watu kuamka, nimeing'oa pamba yote. Nimeitoa kwa ndoano mpaka mshono ukabaki mtupu, nikatia sabuni peke yake kama tulivyokubaliana. Nililia nikiwa chini pale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona, na kisha nikaosha uso kwenye maji.

Aende. Mtu hodari apate kazi ya mwaka mzima, na mama yake apate cha kutangaza.

21 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Mawingu mazuri, maji yametulia. Watu wote mahali pao. Kijana akapiga kasia mpaka alipoelekezwa. Mimi sikutaka kutazama, nikatazama. Povu la sabuni likatoka, likaelea, likaisha.

Mashua ikaelea.

Ikaelea na mshono mtupu! Mshono nilioukwangua kwa mkono wangu, hauna hata uzi wa pamba. Watu walikuwa wanacheka tena, Bwana Tena amekaa chini mchangani, na mimi nimesimama mdomo wazi. Hakuna mtu katika ufuko ule, ila mimi, aliyejua kwamba jambo lile haliwezekani.

Walipoivuta mashua nchi kavu nikaingia ndani yake bila kumwomba mtu ruhusa. Niling'oa mbao za sakafu. Chini yake, kwa ndani, juu ya mshono wangu ule ule, kulikuwa na ubao mwembamba umelazwa kwa urefu wote, na chini ya ubao kitambaa kilicholoweshwa lami, na misumari ya shaba imepangwa karibu karibu kama meno. Kazi safi kabisa. Lami ilikuwa imekauka zamani. Haikuwa ya wiki hii, wala ya wiki iliyopita. Ilikuwa ya ile jioni aliyobaki peke yake, kabla mimi sijagusa sabuni.

Nilipoinua kichwa Fundi alikuwa amesimama pale.

"Wewe," nikasema.

"Naam."

"Uliziba kwanza."

"Ndiyo."

"Na siku ile ukaiona pamba yangu."

"Niliiona."

"Ukanyamaza!"

"Nilikuwa nangoja useme."

"Mimi niseme? Na wewe mdomo umeazimisha?" Damu ilinichemka. "Siku kumi nimekaa nadhani unanionea aibu! Nimelia chini ya mashua kama mtoto! Jana nimeing'oa yote, kwa mikono yangu, ili uende!"

"Najua. Nimekwangua sabuni asubuhi nikaona pamba haipo." Akatazama chini. "Nikadhani sasa unataka niende."

Tukatazamana, watu wazima wawili. Kama mashua ile ingekuwa na mdomo ingetutukana. Kisha nikasema, na nimeandika hapa kama nilivyosema: "Fundi, usiende. Nakupenda. Sitaki kufanya kazi na mtu mwingine, na sitaki kula na mtu mwingine pia."

Alikaa kimya muda wake wa kawaida, ambao leo ulikuwa mrefu sana.

"Mimi nilisema tutaona," akasema. "Nilidhani angalau wewe utaelewa."

Bwana Tena alikuwa amesogea, na nyuma yake watu wote, na Redio amepenya mbele kabisa. Akauliza kuna nini. Fundi akamgeukia akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Mashua ilikuwa imezibwa. Mimi, kwa ndani."

"Na mimi," nikasema, "kwa nje."

"Kwa nini?" akauliza yule bwana, na alistahili jibu, maskini.

"Kwa sababu ikizama naondoka," Fundi akasema, "na mimi siendi. Nisamehe. Nilipaswa kusema hapana siku ile."

Bibi Mwavuli, kule juu ya mwamba, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. Redio alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Watu walimngoja. Hatimaye akasema, "Miaka yote hii nauza habari za watu, na hii ilikuwa nyumbani kwangu."

22 Aprili

Tumeiharibu tuliyoijenga. Fundi amebandua ubao wake, mimi nimepaka sabuni, yeye kwa ndani, mimi kwa nje. Bwana Tena alisimama juu yetu muda wote, na ana haki.

Ikazama. Ilianza kuinama upande wa kushoto, taratibu, maji yakafika magotini kwa yule kijana, akapiga kelele kama alivyofundishwa. Tulikuwa tumeambiwa tusimame tutazame kwa huzuni, asisogee mtu. Lakini watu hawa tangu wazaliwe wakiona mashua inazama hufanya jambo moja tu. Mzee aliyesema mashallah alikuwa wa kwanza kuvua shati. Baada yake ufuko wote ukaingia majini, na kamba, na makasia, na mmoja na kiti, wakaibeba mashua mabegani pamoja na mwigizaji aliyekuwa anapiga kelele kwa kweli sasa. Hata baba aliingia, akiuliza iko wapi. Mimi na Fundi tulikuwa tumeshika mkuku kabla sijakumbuka kwamba sabuni niliipaka mimi.

Bwana Tena alikuwa amepaza sauti kwa hasira mpaka imemkauka. Akaenda kutazama picha kwenye kioo chake kidogo. Akatazama hadi mwisho. Akatazama mara ya pili.

Hakusema, "Tena!" Alivua kofia akasema, "Imetosha. Hii ndiyo filamu."

28 Aprili

Wameondoka na boti ya mizigo. Bwana Tena alimpa Fundi mkono na mashua pia, kwa kuwa yeye hana kazi nayo. Bibi Mwavuli aliniachia mwavuli. Nilimuuliza binti wa kwenye filamu sasa atafanya nini, maana mvuvi wake ameokolewa na kijiji kizima. "Itabidi aseme," akajibu. "Amekosa kisingizio." Nitamkumbuka.

Redio ameshusha lile sanduku na kupanga humo mashuka yake mapya. Hasemi ni ya nini. Anamwambia kila mtu kwamba hasemi.

9 Mei

Mvua. Mashua tatu zimebaki.

17 Mei

Jua. Fundi amekuja kwa baba jioni, amevaa viatu. Wamecheza dama. Baba, ambaye haoni kete, ameshinda.

30 Mei

Keshokutwa maji yanafunguliwa na mashua zote ziko tayari. Leo tulikuwa na moja tu, yetu, ile ya filamu. Fundi amebana ubao wa kushoto kama unavyostahili, na mimi nikaushindilia mshono ule pamba kwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu.

Alikuwa ndani anagonga. Nyundo ikasita. Nikajua si kifundo cha ubao.

"Mama anauliza," akasema kutoka upande wa pili, "aseme lini."

"Aseme nini?"

"Kwamba umekubali kuolewa na mimi."

"Hujaniuliza."

"Ndiyo nakuuliza."

Nikasema ndiyo. Lakini alikuwa ameshaanza kugonga tena kwa woga, hakusikia. Nikaweka patasi chini, nikapiga ubao kwa kiganja mpaka akanyamaza, nikasema ndiyo kwa sauti ambayo hata wavuvi kule gatini waligeuka.

Kisha kutoka ndani ya mashua, taratibu:

"Tena."

Nikasema tena.